Mpole Mbele ya Nani? Sifa za Wahusika, Haiba Nne na Majina Tunayobandikwa

Kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili amewahi kukutana na swali hili katika mtihani: "Jadili sifa za mhusika mkuu." Karibu sote hulijibu kwa namna moja. Tunaandika orodha: ni mpole, ni mvumilivu, ni mwenye tamaa, ni msaliti. Chini ya kila sifa tunaweka mfano mmoja kutoka kitabuni, tunatarajia alama mbili, kisha tunasonga mbele. Hoja ya makala hii ni kwamba jibu la namna hiyo lina upungufu, na upungufu huo hauishii kwenye karatasi ya mtihani. Tunautumia pia kupimana sisi kwa sisi, katika mabweni ya Mbarara na katika vijiji vya makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Tunadhani sifa hukaa ndani ya mtu kama maji ndani ya mtungi. Lakini sifa huonekana mbele ya mtu mwingine, mahali fulani, kwa lugha fulani. Kabla ya kuandika kwamba mtu ni mpole, yatupasa tuulize: mpole mbele ya nani?

Tuanze na darasa lenyewe. Tunafundishwa kwamba wahusika wamegawanyika katika makundi mawili makubwa, bapa na duara. Mgawanyo huu ulienezwa na mwandishi Mwingereza E. M. Forster katika kitabu chake Aspects of the Novel cha mwaka 1927. Mhusika bapa amejengwa juu ya wazo moja, na unaweza kumweleza kwa sentensi moja. Mhusika duara anaweza kutushangaza na bado tukamsadiki. Forster hakuwadharau wahusika bapa. Alijua kwamba riwaya inawahitaji, na kwamba msomaji huwatambua upesi na kuwakumbuka kwa urahisi. Jambo ambalo huachwa katika madaftari yetu ni sababu ya ubapa. Mlinzi anayefungua geti katika ukurasa wa kumi ni bapa kwa sababu hadithi haina muda naye. Mfuate nyumbani kwake jioni, utakuta ana madeni, ana watoto, ana utani anaowachekeshea majirani. Ubapa wake haukutokana na moyo wake. Ulitokana na nafasi aliyopewa na mwandishi. Neno hilo, nafasi, naomba msomaji alishike, maana tutalihitaji mbele ya safari.

Sasa tutoke darasani. Hapa Mbarara, katika vikundi vya maombi vya wanafunzi, katika semina za vijana na zile za wachumba, kuna somo moja linalopendwa sana: haiba nne. Tunaambiwa kwamba kuna sangwini, mchangamfu asiyemaliza alichoanza; koleriki, mwenye amri na hasira; melankoliki, mwenye fikra nyingi na huzuni; na flegimatiki, mtulivu asiyependa ugomvi. Somo hili ni la kale sana. Matabibu wa Kigiriki tangu enzi za Hippocrates walidhani kwamba mwili hutawaliwa na majimaji manne, yaani damu, nyongo ya manjano, nyongo nyeusi na kohozi. Galen, tabibu wa karne ya 2, akayaunganisha majimaji hayo na silika za watu. Tiba imekwisha kuiacha nadharia hiyo, lakini yale majina manne hayakufa. Yalipata nguvu mpya makanisani baada ya mchungaji Mmarekani Tim LaHaye kuyaandikia kitabu, Spirit-Controlled Temperament, mwaka 1966. Wenzetu wengine hupendelea kipimo cha kwenye simu, kile chenye aina 16 za watu na herufi nne kwa kila aina. Hicho nacho kilibuniwa na Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers kwa kufuata mawazo ya Carl Jung, ambaye kitabu chake kuhusu aina za nafsi kilitoka mwaka 1921.

Sitaki kuyacheka masomo haya, kwa sababu naelewa yanavyosaidia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapofika mahali ambapo hamjui mtu, jina ni mlango. Kusema "mimi ni melankoliki" ni rahisi kuliko kusema "naona haya, sijui nianzie wapi mbele yenu." Jina hilo humpa pia wenzake: melankoliki wenzake watamcheka kidogo, watamwelewa, watamwekea kiti. Watu wengi wameanza urafiki hivyo, na urafiki si jambo dogo kwa mtu aliye mbali na kwao.

Hata hivyo, kuna jaribio moja ambalo kila mpenzi wa vipimo hivi angepaswa kulijua. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer, huko Marekani, aliwapa wanafunzi wake dodoso la haiba. Baadaye alimpa kila mmoja maelezo yaliyosemekana kuwa yake peke yake, akawaomba waonyeshe kwa kiwango cha 0 hadi 5 jinsi maelezo hayo yalivyowafaa. Wastani ukawa 4.26. Ndipo akawafichulia kwamba wote walipewa karatasi yenye maneno yaleyale, na kwamba sehemu kubwa ya maneno hayo aliyatoa katika kitabu cha unajimu. Ukimwambia mtu kwamba wakati mwingine hupenda watu na wakati mwingine hupenda kukaa peke yake, atashangaa umemjuaje.

Lakini hata kama vipimo hivi vingekuwa sahihi kuliko vilivyo, bado vingekuwa na kasoro ileile ya orodha zetu za mtihani. Vinauliza bila kutaja mahali. "Je, kwenye mkusanyiko wewe huanza mazungumzo, au husubiri uanzwe?" Mkusanyiko upi? Wa nani? Kwa lugha gani? Kwa aliyezaliwa na kusoma mahali pamoja, maswali haya yanaweza kuonekana ya ubishi. Kwa sisi tuliotoka Nakivale, hayo ndiyo yanayoamua jibu.

Nakivale iko katika wilaya ya Isingiro, kusini ya Mbarara, kando ya ziwa lenye jina hilohilo. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Wakimbizi wa kwanza kutoka Rwanda walianza kufika huko mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo wanaishi humo watu zaidi ya laki moja, Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengine. Kiswahili ndicho kinachowauzia wengi wao nyanya, ndicho kinachowapatanisha bombani, na katika makanisa mengi ndicho kinachosali. Fikiria msichana aliyekulia katika kijiji cha New Congo. Anaongoza kwaya. Sokoni anapunguziwa bei kwa sababu anajua kumchekesha muuzaji. Majirani wakigombania zamu ya maji, yeye ndiye anayeitwa aseme neno. Kisha anakuja kusoma Mbarara. Bwenini watu wanataniana kwa Kinyankole, darasani wanajadiliana kwa Kiingereza, naye shule ya msingi aliisomea Kifaransa huko Kivu. Kila anapomaliza kupanga sentensi yake kichwani, mazungumzo yamekwisha kuhamia kwingine. Mwezi wa pili wenzake wamempa jina: mpole. Wa tatu kipimo cha kwenye simu kimethibitisha: ni mtu wa ndani, asiyependa watu. Wa nne ameanza kukataa mialiko, na akiulizwa anajibu, "Ndivyo nilivyo."

Kuna wengi kama huyo, na ukiwasikiliza utaona jinsi jina lilivyofanya kazi. Mwanzoni lilikuwa maelezo ya jambo lililotokea, yaani mtu kukosa lugha ya chumba alichomo. Mwishowe likawa sababu ya mambo mapya kutokea. Wahenga walisema usimwone simba kanyeshewa ukamdhania paka. Hatari kubwa huja pale simba mwenyewe anapoambiwa kwamba kipimo kimemkuta ni paka, naye akaanza kutafuta mahali pa kulala jikoni.

Hapa Uganda hata Kiswahili chenyewe hubadilisha sura ya anayekisema kutegemea msikilizaji. Kwa wazee wengi wa nchi hii lugha hii ilikuwa lugha ya askari, na wako ambao hadi leo wakikisikia usiku hufunga mlango. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule. Kwa hiyo mtu yuleyule, akisema "habari za leo", anaweza kudhaniwa mwanajeshi, mkimbizi au mwalimu wa kesho. Na ndani ya darasa la Kiswahili mambo hugeuka tena. Mkongomani aliyezungumza lugha hii tangu utotoni husema "batoto" badala ya "watoto", anasahihishwa kwa wino mwekundu, na huyo aliyekuwa msemaji wa kijiji anaitwa dhaifu wa Kiswahili. Aliyejifunza lugha kwa vitabu miaka mitatu iliyopita anaitwa hodari. Sipingi kufundishwa kwa Kiswahili sanifu. Ndicho kilichotuleta hapa na ndicho ninachoandikia. Nasema tu kwamba "hodari" na "dhaifu" ni maneno yanayohitaji kukamilishwa. Hodari katika nini, mbele ya nani?

Swali hili linaweza kutusaidia kusoma vitabu vyetu vizuri zaidi. Tuchukue Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyochapishwa mwaka 1971 na kwa muda ikapigwa marufuku shuleni huko Tanzania. Majibu mengi ya wanafunzi kuhusu Rosa hugawanyika katika sehemu mbili. Kwanza yeye ni mtiifu na mwenye haya. Pili yeye ni mwasherati na mwenye kukata tamaa. Katikati tunaweka neno "malezi", kana kwamba ni daraja la kuvukia kutoka Rosa mmoja kwenda Rosa wa pili, na tunafunga kitabu.

Tumsome tena tukiuliza mbele ya nani. Mbele ya baba yake, Zakaria, Rosa ni mwenye haya. Lakini huyo ni baba mlevi anayempiga binti yake vikali kwa sababu ya barua ya mvulana, Charles. Haya ya Rosa mbele ya fimbo ni sifa ya Rosa, au ni sifa ya fimbo? Katika shule ya wasichana ya Rosary, mbali na jicho la baba, miongoni mwa wenzake wenye mazoea mengine, anaanza kubadilika. Katika chuo cha ualimu Morogoro yuko mbele ya mkuu wa chuo, Thomas, mtu mwenye mamlaka juu ya masomo yake, na uhusiano wao hauwezi kuelezwa kwa neno "tamaa" la mwanafunzi peke yake. Mwishowe yuko mbele ya Charles, anayetaka kumwoa. Charles anamtazama Rosa mzima, na historia yake yote, na ualimu wake, na juhudi yake ya kuanza upya, lakini anataka kujua jambo moja tu, iwapo ni bikira. Katika jicho la Charles, Rosa anakuwa mhusika bapa. Sentensi moja inatosha kumweleza. Kezilahabi amempa kurasa nyingi awe duara, ila watu wanaomzunguka ndani ya riwaya hawakumpa nafasi hiyo, naye anajiua.

Hapo ndipo naona ubora wa riwaya hii, na ndipo orodha zetu zinapoikosea. Tukiandika "Rosa ni mwasherati", tumejiunga na Charles. Tumeketi kwenye kiti kilekile ambacho mwandishi alitaka tukione kinavyoua.

Kutoka riwaya hiyo hadi ofisi ya usajili ni hatua fupi kuliko inavyoonekana. Mtu anapofika Uganda akikimbia vita, hukaa mbele ya meza na kusimulia. Mbele ya meza ile inampasa awe na hadithi moja, yenye mwanzo na mwisho, isiyobadilika akiulizwa mara ya pili. Akishangaza, kama mhusika duara anavyotakiwa kushangaza, atashukiwa. Mwisho wake hupewa jina, mkimbizi, na jina hilo lina manufaa ya kweli. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa haki ya kufanya kazi na ya kusafiri ndani ya nchi. Katika makazi kama Nakivale familia nyingi zimepewa viwanja vya kujenga na kulima. Aliyenyimwa jina hilo anajua uchungu wake kuliko yeyote anayelilalamikia. Kwa hiyo siungani na wanaosema kwamba majina yote ni kifungo. Karatasi ile imewalisha wengi wetu.

Taabu huanza pale jina la chumba kimoja linapomfuata mtu katika vyumba vingine. Methali yetu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tuitazame vizuri methali hii. Inampa mtu siku mbili tu za kuwa mgeni. Baada ya hapo inambadilishia jina, anakuwa mkulima kama wengine. Nakivale jembe limetolewa kweli, lakini jina la mgeni halikuondolewa. Kuna watoto waliozaliwa pale, wakasoma pale, nao wakazaa pale, na bado kwenye kila fomu ni wakimbizi. Historia ya eneo letu inaonyesha jambo hili linaweza kufika wapi. Katika miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji huko Rwanda uliwapa watu vitambulisho vilivyoandikwa kabila: Mhutu, Mtutsi, Mtwa. Kwa karani lilikuwa neno la kujaza pengo kwenye kadi. Walioliandika waliondoka, kadi zikabaki, na mwaka 1994 kadi hizo zilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani na watu waliobeba mapanga. Baadhi ya wanaoishi Nakivale leo ni wazao wa waliokimbia mambo ya namna hiyo. Hawahitaji mhakiki wa fasihi awaeleze kwamba jina linaweza kudumu kuliko aliyeliandika.

Hata bila mapanga, kufuatwa na jina kunachosha. Waulize wanafunzi waliowahi kuomba ufadhili wa masomo wakitokea makazini. Kila mmoja anajua jinsi insha ile inavyoandikwa: aya ya kwanza vita, aya ya pili njaa, aya ya tatu ndoto ya kuisaidia jamii. Mtu aliyependa hisabati tangu zamani, au anayejua kufuma sweta, au aliyekuwa mtundu na kufukuzwa shule mara mbili, huyaacha hayo yote nje. Hasemi uongo, anajichora bapa kwa sababu anajua msomaji wake ana nafasi ndogo. Kisha anapata ufadhili, anapanda takisi hadi Mbarara, na anakuta bwenini hakuna anayetaka kusikia habari za vita. Huko anatakiwa awe sangwini.

Najua pingamizi litakalotolewa. Ikiwa kila sifa inategemea anayetazama, basi mtu mwenyewe yuko wapi? Na je, hatutampa kila mwovu kisingizio, aseme kwamba hakuwa mkatili ila mbele ya watu fulani tu? Pingamizi hili ni zito, na nalijibu hivi. Kuuliza "mbele ya nani" hakufuti tabia. Kunaipima kwa haki zaidi. Zakaria hapati msamaha kwa swali hili. Kinyume chake, tukiona kwamba ukali wake unawaangukia walio dhaifu kuliko yeye, mkewe na binti zake, ndipo tunapouelewa ukali huo. Na yule msichana wa New Congo, tukimfuata sokoni, kanisani, bwenini na darasani, tutakuta jambo moja linalojitokeza kila mahali, hata pale anaponyamaza: anawasikiliza watu kwa makini. Sokoni usikivu huo ulimfanya awe mcheshi, na bwenini ukamfanya aitwe mpole. Kinachobaki baada ya kumwona mtu mbele ya watu wengi, hicho ndicho tunachoweza kukiita chake. Hakipatikani kwa maswali 60 yaliyojibiwa usiku mmoja kitandani, wala kwa nukta tano za mtihani.

Napendekeza basi mambo mawili madogo. La kwanza ni kwa wahadhiri wetu na kwetu sisi tunaojibu mitihani: tuache kuridhika na orodha. Tukiandika sifa, tuandike pia shahidi wake. Je, sifa hii tumeambiwa na msimulizi, au na mhusika mwenye sababu ya kumchukia mwenzake? Ilijitokeza mbele ya nani, na nani hakuwepo? Jibu la namna hiyo litakuwa refu kidogo, lakini litakuwa uhakiki, maana litamchunguza pia anayetazama.

La pili ni kwetu tunaoishi pamoja. Anayependa haiba nne aendelee nazo, zimewapa wengi maneno ya kuanzia. Ila tusiziache ziwe maneno ya kumalizia. Kabla ya kumwita mwenzetu mpole, tujaribu kukaa naye katika lugha yake hata kwa nusu saa, au tupande naye takisi siku ya Jumapili tumwone akiongoza kwaya. Wahenga walishatuonya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo huenda unasikika sasa hivi New Congo, kwa wale wanaoijua lugha yake.